Sabuni Iliyofukuliwa

Evarist Likwaya alikuwa bwana afya wa kata yetu hapa Ifakara kwa miaka mingi, na kazi ile ilikuwa adhabu kwake, kwa sababu ni mtu aliyezaliwa na kinyaa. Harufu ambayo mimi na wewe tungeipita, yeye ilimsimamisha njiani. Asubuhi alikuwa machinjioni akigonga muhuri kwenye nyama huku amebana pumzi. Mchana alikuwa kwenye vilabu vya pombe ya komoni, anafunua mapipa na kuchungulia. Jioni aliingia nyumba za watu akiomba kuonyeshwa choo, na akitoka humo unamwona kasimama kando ya baiskeli yake anatema mate, anatema tena, kama aliyemeza inzi. Watu walimcheka sana. Mkewe, Oliva, ndiye aliyejua kwamba siku nyingine mumewe alirudi nyumbani na asiguse chakula mpaka kesho yake.

Hata hivyo hakuiacha kazi. Oliva alipomwambia aombe kuhamishiwa kwenye ofisi, akae na makaratasi kama wenzake, alijibu, "Sasa wamlete nani? Wamlete mtu asiyesikia harufu? Ataona nini huyo?"

Hawakujaliwa watoto. Walimlea Digna, binti wa marehemu dada yake Evarist, waliyemchukua Mahenge akiwa bado ananyonya. Mwaka 1996 Digna alikuwa msichana mkubwa, amemaliza darasa la saba zamani, na akapata kazi kwenye hoteli moja ya chakula karibu na stesheni ya reli. Mwenye hoteli hakuficha sera yake. Wasichana weusi aliwaweka jikoni na masufuria, weupe ndio waliopeleka chai na chapati kwa abiria. Digna alikuwa mweusi kama mama yake. Miezi michache baadaye alikuwa mbele, anapeleka chai.

Kilichomtoa jikoni ni sabuni. Ilikuja na treni ikiwa kwenye maboksi, kipande kimoja kimoja kimefungwa kwa karatasi ya waridi yenye picha ya mwanamke aliyevaa shela, na jina lake Bibi Harusi. Karatasi ilisema kwa Kizungu kwamba inaua vijidudu. Hakuna aliyeinunua kwa ajili ya vijidudu. Mwaka ule ukipita sokoni ungeziona nyuso: mashavu mekundu, yanang'aa kama yamemenywa, na chini yake shingo ya rangi nyingine, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi kama mkaa. Jua la saa nane likiwaka, ngozi hizo zilitoa harufu. Evarist aliisikia kanisani, akiwa amekaa nyuma ya akina mama: juu ni waridi, chini kuna kitu kama chuma kilichokaa mdomoni. Alihamia benchi la mlangoni.

Halafu akaanza kuisikia nyumbani kwake.

"Digna, unaogea nini?"

"Sabuni tu, mjomba."

"Ngozi inakubanduka."

"Inatoa taka za ndani. Ndivyo inavyofanya kazi."

Akaishia hapo, kwa sababu yeye ni mwanamume na Digna ni binti mkubwa, na mambo ya kuoga ni ya Oliva. Oliva naye alisema, wakapishana maneno, yakaisha hivyo. Lakini kufikia mwisho wa mwaka Digna alikuwa akiamka macho yamevimba hayafunguki. Miguu ikajaa. Viatu vya kazini vikamkataa. Akawa anachoka kupeleka chai meza mbili. Alipomwambia Oliva kwamba mkojo wake unatoa povu kama maji ya kufulia, walimpakia kwenye baiskeli, wakampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja mtaratibu. Alimtazama Digna vidole, akamtazama masikio, akauliza, "Sabuni gani?" Digna akaangalia chini. Oliva ndiye aliyejibu.

"Ina zebaki," daktari alisema. "Ile iliyo ndani ya kipimajoto. Inapita kwenye ngozi, inakwenda kukaa kwenye figo. Wewe siyo wa kwanza mwezi huu. Ukiacha leo, figo zinaweza kupona. Usipoacha, mimi sina dawa."

Siku ile Evarist aliingia chumbani kwa Digna kwa mara ya kwanza tangu binti avunje ungo. Alichukua vipande vya sabuni vilivyokuwa chini ya kitanda, akavibeba kwa karatasi asivishike. Digna alikuwa ameegemea ukuta analia.

"Mjomba, nikiacha nitarudi kuwa vile."

"Vile vipi?"

"Vile nilivyokuwa."

Evarist aliikunja karatasi juu ya vile vipande. Alitoka nje na karatasi yake, akasimama uani.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa masika, redio ikatangaza kwamba serikali imepiga marufuku kuingiza, kuuza na kutumia sabuni na krimu zenye zebaki. Mabwana afya wote waliagizwa wazikusanye. Evarist hakusubiri barua. Kesho yake alikuwa sokoni na mkokoteni.

Sabuni karibu yote ya mjini ilipitia kwa mtu mmoja, Alphonce, mwenye duka la jumla sokoni. Alphonce alikuwa mtu wa watu. Kwenye jumuiya yake ya kanisa alikuwa mwenyekiti, kwenye misiba alikuwa wa kwanza kuleta mchele, na alikuwa na kicheko kimoja kizuri kilichofanya umsamehe kabla hajakosa. Hakupinga hata kidogo.

"Chukua, Bwana Afya, chukua zote. Sheria ni sheria." Akamsaidia na kupakia.

Waliopinga ni wateja. Mama mmoja muuza samaki, Angelina, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto, alimfuata yeye na mkokoteni wake kibanda kwa kibanda. "Mbu wa Ifakara wamekushinda kuwaua, sasa umehamia kwenye mashavu yetu!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Evarist akasimama, akawaeleza habari ya zebaki, figo, kipimajoto, kama daktari alivyomweleza. Aliieleza siku ile, akaieleza kesho yake, akaieleza kwenye mikutano ya mtaa na nje ya kanisa na kwenye foleni ya kisima. Walimsikiliza kama watu wanavyosikiliza mvua inayonyesha kijiji kingine. Angelina mwenyewe alisema, "Sumu gani inayopendeza hivi?"

Maboksi yaliwekwa stoo ya ofisi kungoja lori la kuyapeleka Morogoro. Lori halikuja. Kila Evarist alipofungua stoo aliona rundo limepungua kidogo, na ufunguo wa pili ulikuwa kwa mkubwa wake wa kazi, Deus. Mwishowe Deus mwenyewe akachoka kuulizwa. "Teketeza," akasema. "Tupate nafasi."

Wakajaribu kuchoma nyuma ya machinjio. Sabuni haichomeki. Iliyeyuka, ikatambaa, ikatoa moshi mweusi mzito, na mji mzima ukanuka waridi. Vibarua wakaanza kukohoa na kushika vichwa. Evarist akauzima moto kwa mchanga, akaenda ofisini na masizi usoni.

"Haifai, mzee. Ule moshi ni zebaki ile ile."

"Basi zika."

"Pale ni bondeni. Mto Lumemo ukifurika maji yatafika shimoni."

"Likwaya," Deus alisema bila kuinua kichwa, "nimesema zika."

Akazika. Lakini alikuwa anawajua watu wa kwao, akajua kitu kizuri kikizikwa mchana kitafukuliwa. Kwa hiyo alifanya mambo mawili. Kwanza aliwaambia vibarua wakate kila kipande kwa panga, katikati, kwa mshazari, asiwepo wa kukirudisha kwenye karatasi. La pili lilimgharimu zaidi. Choo cha soko kilikuwa kimejaa siku nyingi, na machinjioni kulikuwa na pipa la damu na mavi ya utumbo lililosahaulika juani. Aliagiza vyote viletwe, vikamwagwa juu ya sabuni, na vibarua wakakoroga kwa koleo mpaka shimo likawa uji. Yeye mwenyewe alisimama pale mpaka mwisho, kitambaa puani, machozi yanamtoka. Wakafukia. Alirudi nyumbani akaoga mara tatu, akalala bila kula. Alimwambia Oliva, "Angalau ile hakuna binadamu atakayeigusa."

Kiangazi kikaingia, watu wakavuna mpunga. Binamu yake Evarist, Kelestini, aliyekuwa analima kijijini Michenga, alimbatiza mtoto wake wa kwanza, na Evarist akaendesha baiskeli kwenda kula naye. Ilikuwa siku njema. Wali mpya, kambale wa kukaushwa aliyeungwa kwa nazi, ngoma kidogo, watoto wanakimbizana kwenye mabua. Evarist alikula vizuri kuliko kawaida yake, kwa sababu Scolastica, mke wa Kelestini, ni mwanamke msafi, na nyumba yake haikumpa kisingizio. Alikula kwa mkono, akalamba vidole.

Scolastica alikuja na jagi la maji na beseni, na juu ya kifuniko akaweka kipande cha sabuni. "Nawa, shemeji."

Evarist akainama, akaichukua, akaisugua. Povu likaja zuri, jeupe. Kisha harufu ikapanda. Waridi. Na chini ya waridi chuma. Na chini ya chuma kulikuwa na kitu cha tatu, kidogo, kimejificha, ambacho pua ya mtu mwingine isingekipata kwenye nyumba iliyojaa moshi na samaki.

Aligeuza kile kipande. Kilikuwa kimekatwa kwa mshazari, pigo moja la panga. Pale kwenye mkato sabuni ilikuwa na ufa, na ndani ya ufa kulikuwa na kitu cha kahawia kilichokauka. Akakichokoa kwa ukucha. Ukatoka unyasi mfupi, ule unaotoka tumboni mwa ng'ombe ukiwa umetafunwa nusu.

Hakufika mbali. Alitapikia kwenye migomba nyuma ya jiko, akatapika wali, akatapika samaki, akaendelea kutapika huku hakitoki kitu. Wageni wakaacha kula. Scolastica alimfuata na maji, amefadhaika.

"Shemeji, ni samaki? Nilimkagua mwenyewe."

"Samaki ni mzuri." Alikuwa amenyoosha mikono mbele yake, mbali na mwili, povu linakaukia vidoleni. "Hii sabuni mmeitoa wapi?"

"Inauzwa tu. Sabuni ya dawa. Inapita kwa baiskeli, vijana wa duka la Alphonce." Akaona uso wa Evarist, akaharakisha kujitetea. "Ni nzuri, shemeji. Mtoto alikuwa na upele kichwani, namwogeshea hiyo, umeisha wote."

"Mtoto?"

Akamleta, akamfunua kanga. Mtoto wa kike, mnene, anacheka. Kichwa chote, shingo na mabega vilikuwa vyekundu, vinang'aa, na nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imebanduka vijiganda kama vya kitunguu. Alinuka waridi. Alikuwa ameingiza ngumi yake mdomoni anainyonya kwa bidii, mate yanachuruzika kidevuni.

Evarist aliwaambia habari ya zebaki. Aliwaambia wakamwoshe kwa maji matupu sasa hivi, na kesho wamlete hospitali. Lakini lile jingine, la choo na pipa, lilimkwama. Alikuwa anaitazama ile ngumi mdomoni, akashindwa kulitamka mbele ya mama yake.

Kesho yake walimleta mtoto, wakaambiwa wamewahi, ngozi itarudi. Evarist alipotoka hospitali alikwenda kwa Deus. Njiani alipitia shimoni. Udongo ulikuwa umepangwa upya kwa unadhifu, na majani makavu yametandazwa juu. Alichimba kwa kijiti. Hakuna kitu chini ila matope yenye inzi.

"Zimefukuliwa, mzee. Zote. Zinauzwa Michenga, na sijui wapi kwingine. Wanaogeshea watoto wachanga."

Deus aliegemea kiti. "Sisi tuliambiwa tukusanye, tumekusanya. Tukateketeza. Ripoti imekwenda. Sasa unataka niandike nini, kwamba zimefufuka?"

"Anazo Alphonce. Tukamkamate."

"Unamkamata kwa ushahidi gani? Sabuni haina jina." Akapiga miayo. "Bwana Likwaya, watu wana shida ya sabuni. Usilivalie njuga kila jambo."

Evarist aliaga. Akasikia kinyaa kinapanda, akapitia bomba la uani, pale watumishi wanaponawia wakitoka chooni, asukutue kinywa. Kwenye kisahani kando ya bomba kulikuwa na nusu ya sabuni. Mkato wa mshazari. Akaacha kusukutua. Mtumishi mmoja alikuja, akainawia, akamsalimia, "Shikamoo Bwana Afya," na akaondoka akipangusa mikono kwenye suruali.

Jumamosi ilikuwa siku ya watu wengi sokoni. Wakulima walikuja na mpunga, wavuvi na samaki, na mbele ya duka la Alphonce kulikuwa na turubai lililotandikwa sabuni zilizokatwa, zimerundikwa mafungu mafungu, bila karatasi. Evarist alisimama mbele ya turubai. Hakuwa na polisi, hakuwa na mkokoteni.

"Alphonce, hizi ni zile nilizozika."

Alphonce akacheka kile kicheko chake. "Bwana Afya! Sabuni ni sabuni. Unaona ina picha? Ina jina?"

"Zina zebaki. Zinaua figo."

"Haya, jamani, tumerudi kwa figo," Angelina alisema kutoka kwenye meza yake ya samaki, na watu wakacheka. Walianza kusogea, wakijua kuna mchezo.

"Kama ni salama," Evarist alisema, "nawa wewe. Hapa hapa. Nawa uso."

Alikuwa na hakika. Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba mtu anayeuza sumu hawezi kuitia usoni mwake, na watu wakimwona anasita watajua. Hiyo ndiyo mipango yake yote.

Alphonce hakusita. Alikunja mikono ya shati, akaita beseni, akachagua kipande kikubwa. Akanawa mikono, akapaka povu usoni, mashavu, paji, pua, akasugua nyuma ya masikio, akafumba macho na kuimba kidogo kama mtu aliye bafuni kwake. Aliosha mpaka midomo. Akasuuza, akafuta kwa kanga aliyopewa na mteja, akageukia watu uso unang'aa.

"Nimekufa?"

Watu walishangilia. Wengine wakaanza kuinama kwenye turubai kuchagua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akachukua fungu zima.

Evarist alituambia baadaye kwamba katika maisha yake yote, vyoo vyote na mizoga yote, hajawahi kuona kitu kilichomchefua kama uso ule unaotabasamu, maji yanadondoka kidevuni. Mtu yule alijua. Alijua habari ya zebaki tangu siku ya kwanza, akajipaka, kwa sababu mara moja haiui, na biashara ilikuwa inangoja. Ndipo lile lililomkwama Michenga likatoka lenyewe.

"Waliokufukulia," alisema, "walikuambia walizikuta kwenye nini?"

Alphonce akamtazama. "Kwenye udongo. Matope."

"Siyo matope. Mimi ndiye niliyezika. Nilimwaga choo cha soko juu yake. Hiki hapa." Akaonyesha kwa mkono, na vichwa vikageuka kuelekea kile kibanda cha bati ambacho kila mmoja pale alikuwa amewahi kuchuchumaa ndani yake. "Chote. Na pipa la machinjioni, damu na mavi, yalikuwa na funza. Tulikoroga kwa koleo. Tulizikata kwa panga kwanza, yakaingia ndani. Angalieni kwenye mkato."

Mikono iliyokuwa kwenye turubai ikarudi. Angelina, ambaye hajawahi kunyamaza tangu tumjue, alikuwa ameshika kipande mkononi. Alikipeleka puani polepole. Akakigeuza, akatazama mkato, akachokoa kwa ncha ya kisu cha samaki. Kisha akakitupa kama kimemuuma, akatema mate, akatema tena, akakimbilia maji.

Basi ikawa fujo. Mama mwenye mtoto alitupa fungu lake, akaanza kumpangusa mtoto kwa gauni lake mwenyewe huku analia. Wengine walirusha sabuni kwenye duka, wengine kwenye mtaro. Mzee mmoja alikaa chini, akainamisha kichwa kati ya magoti. Wanawake walikuwa wananusa mikono yao, wananusa kanga, wananusana. Na Alphonce alikuwa bado amesimama, mikono ameining'iniza mbali na mwili, midomo imekazwa isifunguke. Akageuka, akaingia dukani. Tulimsikia akitapika nyuma ya magunia ya mchele.

Ungedhani Evarist alifurahi. Nilikuwa pale, nilimwona. Alikuwa amepauka kama majivu.

"Miezi yote hii nimewaambia ni sumu," alisema, siyo kwa mtu yeyote. "Figo za watoto wao. Hawakutema hata mate. Mavi ndiyo wameyasikia."

Halafu akavua shati, kwa sababu mtaro ulikuwa umejaa sabuni na mtaro unakwenda mtoni. Alishinda mle ndani siku ile, anaokota vipande kwa koleo, kimoja kimoja, na hakuna aliyekubali kumsaidia, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa na kinyaa. Kelestini tu, aliyekuwa amekuja kuuza mpunga, alikunja suruali akaingia. Walivijaza kwenye pipa la chuma, wakaziba mdomo wake kwa saruji. Pipa lile lilikaa mbele ya ofisi, pale mkubwa wake analazimika kulizunguka kila asubuhi, mpaka lori la Morogoro lilipokuja kweli kulichukua.

Sabuni ya Bibi Harusi ilikufa Ifakara siku ile. Kwenye redio tangazo liliendelea kusomwa, lakini hapa kwetu halikuhitajika tena.

Deus alimwita ofisini. Alimwambia amelifedhehesha jina la serikali, kwamba mji mzima sasa unasema serikali inawaosha watu kwa choo. Kabla ya mwaka kwisha Deus alipandishwa cheo, akahamia mkoa mwingine, na Evarist akapewa uhamisho wa kwenda Uchindile, juu huko milimani kwenye mashamba ya miti, ambako bwana afya anakaa mwezi mzima bila kuona lami wala daktari.

Digna alipona, kwa namna yake. Uvimbe ulishuka polepole, mkojo ukatulia. Rangi yake ilirudi, ila haikurudi sawasawa. Ilikuja kwa mabaka, kwenye mashavu na kwenye paji la uso. Alipokwenda kuomba kazi yake, mwenye hoteli, yule yule, alimtazama akasema wateja hawatakula wakimwona. Digna alitusimulia jambo hilo mwenyewe, uani kwao, anapepeta mchele. Hakulia. Alisema tu kwamba wakati mtu yule anaongea alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti, na kila akitoa kitu anakitazama, halafu anakila. "Nilikuwa napeleka chai kwa ajili ya mtu huyu," alisema, akatikisa ungo, akaendelea na kazi. Yeye na Oliva walianza kukaanga vitumbua na kuviuza stesheni, mbele ya hoteli ile ile, na abiria walikula.

Siku ya kuondoka, tulimsindikiza Evarist kwenye treni. Oliva na Digna wangebaki mpaka apate nyumba. Mizigo ilikuwa midogo. Tulikuwa tumesimama tunaagana, akaja Alphonce, shati safi, kicheko kimerudi mahali pake. Alikuwa amefunga duka wiki tatu tu.

"Bwana Afya, sisi ni ndugu. Yaliyopita yamepita." Akanyoosha mkono. "Na sabuni nimeacha kabisa, usiwe na wasiwasi. Sasa hivi nimeleta mafuta ya kupaka, kutoka nje, yana vibali vyote. Yanang'arisha taratibu, hayana harufu."

Watu walikuwa wanatazama. Evarist aliutazama ule mkono, akameza mate. Kisha akaupokea, akautikisa mara moja, akapanda.

Treni ilipoanza kwenda tulimwona dirishani. Alikuwa ametoa nje mkono ule aliompa Alphonce, na kwa mkono mwingine anaumiminia chupa yake ya maji ya kunywa, yale ya safari nzima, taratibu, mpaka chupa ikaisha.